Faini ni Soda Moja

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, sikuongeza hata punje. Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili zima na hili linalotoa machozi nikisoma. Mtu ninayemsimulia namfahamu vizuri, nimekula naye sahani moja na nimevaa viatu vyake bila kumwomba. Lakini si mimi. Mimi nilikuwa napita tu.

Mtu huyo aliitwa Chumvi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, ila lilibaki kwenye kadi ya kazi, likazeeka huko peke yake. Alikuwa mkunja shuka katika kiwanda cha dobi kilichofua nguo za hoteli nne na hospitali moja. Jengo lilikuwa refu, la bati, lenye madirisha madogo karibu na paa. Ukiingia asubuhi mvuke ulikupokea mlangoni kama shangazi, ukakupaka uso mzima. Mashine za kufulia zilikuwa saba. Sita zilifanya kazi, ya saba ilikuwa kabati la viatu. Mwisho wa ukumbi lilikaa rola la kupigia pasi, refu kuliko kitanda cha watu wanne. Shuka iliingia upande huu imejikunyata kama mtu aliyeamshwa kwa maji, ikatoka upande wa pili imenyooka, ya moto, inanukia wanga na sabuni.

Leo jengo lile ni ghala la matairi. Chumvi akipita pale hupunguza mwendo, huvuta pumzi ndefu kwa pua, halafu huudhika kukuta harufu ya mpira.

Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, wanaivuta, wanaipiga hewani, pap! Halafu wanaendeana. Wanakutana mikono, mmoja anampa mwenzake pembe, anainama kuokota mkunjo, wanarudi nyuma, wanaendeana tena. Kwa miaka kumi na miwili Chumvi alikunja shuka na mwanamke mmoja, mjane mwembamba aliyechomeka penseli kwenye kilemba. Aliwahi kuwa katibu wa kikundi cha akiba, cheo kikamganda, watu wakamwita Bi Katibu hadi leo. Kwa hesabu za Chumvi, wawili hao walitembea umbali wa kuizunguka dunia mara mbili bila kutoka mlangoni.

Msimamizi wao alikuwa Bwana Kengele. Alikuwa na kengele ya shaba mkononi na muhuri wa kiwanda uliofungwa kwa kamba shingoni, na vyote viwili havikujua kupumzika. Muhuri ulipigwa kwenye kila karatasi iliyopita mbele yake: hati za mizigo, barua za wagonjwa, na siku moja mkate wa mpiga pasi, maana ulikuwa umefungwa kwa karatasi nyeupe.

Saa kumi kamili za jioni kengele ililia. Watu wote walipanga foleni kwenye mashine ya kadi. Tka! Tka! Tka! Kila kadi ikaandikwa saa kumi. Ndipo Bwana Kengele aliposema maneno yale yale, kila siku, bila haya:

"Haya jamani. Kadi zimekwenda nyumbani. Nyie bado."

Maana lori la hoteli kubwa lilifika saa kumi na nusu, na shuka zake zilitakiwa zirudi jioni ile ile. Basi watu walirudi kwenye rola wakakunja mpaka saa moja, siku nyingine moja na nusu. Malipo ya saa hizo hayakuwapo. Aliyeuliza leo, kesho yake hakuikuta kadi yake kwenye rafu.

Lakini saa hizo zilikuwa na jambo lake moja. Kabla ya saa kumi kuzungumza kulikatazwa. Ukikutwa unacheka, mshahara ulikatwa. Baada ya kengele, Bwana Kengele mwenyewe aliona aibu kidogo, akafumbia macho midomo ya watu. Ndipo hadithi zilipoanza. Na hadithi zilipoanza kuzidi, ndipo Bi Katibu alipotunga sheria.

Sheria ilikuwa hivi. Mtu akisimulia jambo lililopita kiasi, yeyote hupiga meza ya kukunjia kwa kiganja mara tatu na kusema, "Chumvi!" Hapo ndipo jamaa yetu alipopata jina, kwa kuitikia mara nyingi kuliko wenzake. Mshitakiwa hujitetea. Wakipatikana mashahidi wawili wa kusema ni uongo, faini ni soda moja, hulipwa Jumamosi. Na kifungu cha kwanza, kilichoandikwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, kilisema: hakuna faini kwa hadithi ya kabla ya saa kumi, kwa kuwa saa hizo si zetu.

Kwa sababu ya kifungu hicho, kila faini ilibidi iandikwe saa. Vinginevyo watu walibisha. "Mimi nilisema kabla ya kengele!" Hapana baba, tazama ukutani. Bi Katibu alitumia daftari nene lenye jalada gumu, lililoachwa na hoteli iliyofungwa, akaandika tarehe, saa ya ukutani, jina, uongo kwa ufupi, na mashahidi wakatia sahihi. Kwa mfano: "Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo. Chumvi asema alipiga pasi suruali ya mgeni wa hoteli, mgeni akiwa ndani yake amelala, na hakuamka. Mashahidi wawili. Soda moja."

Chumvi alilipa soda hizo kwa furaha kama mtu anayelipa mahari. Moja tu ndiyo aliyoikataa.

Ilikuwa ya kuku. Mwasha boila, mzee waliyemwita Baba Moshi, alifuga kuku mmoja nyuma ya nyumba ya boila, mahali penye joto la kuotesha ndevu. Jioni moja Chumvi akatangaza kwamba kuku yule hutaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Meza ilipigwa na watu sita kwa pamoja. Chumvi hakubisha. Alitoka, akarudi na yai, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akalimenya mbele yao. Jeupe, gumu, limeiva hadi ndani. Akala nusu, nusu akampa Bi Katibu.

Ukumbi ulinyamaza. Bi Katibu alitafuna polepole, akameza, akachomoa penseli.

"Sijui umefanyaje," alisema, "lakini umefanya. Soda moja."

"Hiyo silipi! Umekula ushahidi halafu unanihukumu?"

"Nitaandika haijalipwa."

"Andika! Andika hata ubavuni kwa kuku. Silipi mpaka nizikwe."

Ikaandikwa hivyo, na kila Jumamosi Bi Katibu alimkumbusha.

Sasa twende nyumbani kwa mtu huyu, maana huko ndiko penye kidonda. Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule, akishonea barazani, mwenye macho ya kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Chumvi alirudi saa mbili. Mke akamtazama, akamnusa.

"Umetoka wapi?"

"Kazini, mama watoto. Tumebakishwa."

"Mtu anayetoka kazini hunuka jasho. Wewe wanuka sabuni, kama mtu aliyeogeshwa kwa watu."

"Mke wangu, mimi nafanya kazi kwenye sabuni!"

"Na malipo ya hizo saa yako wapi? Karatasi ya mshahara inasema unatoka saa kumi. Nimeisoma mimi, siyo jirani."

Angejibu nini? Alikuwa amemdanganya mambo mengi madogo kwa raha zake, hata habari za mbwa waliomkimbiza huku wakiimba. Sasa alipokuwa na ukweli mkononi, hakupata wa kumpa. Mke hakupiga kelele. Alimwekea chakula, akakifunika, akaenda kulala. Tangu hapo Chumvi alikula peke yake, akisikiliza cherehani iliyonyamaza.

Halafu ikaja siku ya mama mkwe. Mama yule alisafiri siku nzima, mara ya kwanza na ya mwisho, aje amwone mkwewe kwa macho. Chumvi aliahidi kuwapo saa kumi na moja. Saa kumi akamfuata Bwana Kengele na kofia mkononi.

"Bosi, leo mama mkwe yuko kwangu."

"Na leo hoteli ina arusi ya watu mia tatu. Mama mkwe ni wa kwako peke yako. Shuka ni za watu wote."

Akabaki. Alifika nyumbani saa mbili na robo, anakimbia, ananukia sabuni kuliko siku zote. Mama mkwe alikuwa ameshalala, au amelala kwa makusudi. Alfajiri aliondoka. Mlangoni alimwambia bintiye, bila kupunguza sauti, "Mwanangu, mwenye kwake hurudi kwake." Miaka miwili baadaye alifariki akiwa na picha hiyo hiyo ya mkwewe: mtu asiyerudi.

Mke hakulitaja tena jambo hilo, na Chumvi angefurahi zaidi kama angelitaja kila siku.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi arobaini na mmoja walipewa barua moja moja na kiinua mgongo kilichopigwa hesabu ya saa nane kwa siku, kama kadi zilivyosema. Watu walisimama uani na barua zao, mvuke umezimwa, ukumbi umekuwa mkavu kama koo. Baba Moshi ndiye aliyesema kwanza.

"Saa tatu kila siku, miaka kumi na miwili. Hizo wameziweka wapi?"

Wakamwendea wakili, binti kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi. Akawaambia waungane kwenye kesi moja. Mmoja mmoja wangechoka, au wawili watatu wangenunuliwa. Wote pamoja ingekuwa kazi kuwanunua. Wakatia sahihi arobaini na mmoja, wengine kwa dole gumba.

"Sasa nipeni karatasi," binti akasema.

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Kitu kilichoandikwa kuonyesha mlikuwa mle ndani baada ya saa kumi. Wao wana kadi. Nyinyi mna midomo."

Watu wakatazamana. Miaka kumi na miwili, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa saa zake, maana nani angethubutu? Ndipo Bi Katibu aliposhika penseli yake kana kwamba imemchoma.

"Daftari," akasema. "La faini."

Lilipatikana jikoni kwake, limewekwa chini ya mguu mmoja wa kabati. Walipolichomoa, vikombe vyote viliserereka upande mmoja. Binti wakili alilisoma akiwa amesimama. Alisoma ukurasa wa kwanza, akakaa. Akasoma wa pili, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akahesabu kwa kidole. Faini mia tatu na kumi na saba. Kila moja na tarehe yake, saa yake, sahihi zake. Hakuna hata moja ya kabla ya saa kumi.

"Mia mbili na tisa ni za mtu mmoja," akasema. "Huyu Chumvi ndiye nani?"

Watu arobaini waligeuka.

"Baba, wewe ndiye utakayesimama," binti akamwambia. "Watakuuliza hadithi moja moja. Ukijibu kwa mkato, tumepona. Ukianza kunogesha, tumekwisha sote. Unanielewa?"

"Nitajibu kwa mkato," Chumvi alisema. "Katika ukoo wetu sisi tunajulikana kwa kujibu kwa mkato. Babu yangu aliwahi kujibu kwa mkato hadi—"

"Baba."

"Ndiyo."

Asubuhi ya kesi mke wake alivaa kitenge kizuri, akafunga cherehani.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Nakwenda kusikiliza."

Wakatembea hadi mahakamani, yeye mbele, mume nyuma. Njiani Chumvi alielewa kwamba huyu mwanamke ndiye jaji wake wa pili leo, na huenda ndiye mkali zaidi. Wenzake walikuwa wanataka malipo yao. Na yeye aliyataka, asiyatake kwa nini? Lakini zaidi alitaka mtu mwenye joho aseme kwa sauti, mke wake akisikia, kwamba jioni zile alikuwa kazini.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, anayeandika kwa mkono. Wakili wa kampuni alikuwa na kalamu tatu mfukoni na daftari la faini mezani, amelibandika vipande vya karatasi za rangi.

"Wewe ndiye unayeitwa Chumvi?"

"Ndilo jina ninaloliitikia haraka, mheshimiwa."

"Kwa nini wanakuita hivyo?"

"Kwa sababu natia."

Watu wakacheka. Jaji akainua macho, wakaacha.

"Hapa umesema ulipiga pasi suruali ya mgeni, mgeni akiwa ndani. Kweli au uongo?"

Kwa miaka yote hiyo Chumvi alikuwa amelipa soda, lakini kukiri hajakiri hata mara moja. Kulipa ni kulipa.

"Uongo."

"Hapa umesema upepo uliichukua shuka kambani ukaipeleka hadi mji wa pili, ikatua dirishani ikiwa imeshakunjwa."

"Uongo. Ilikuwa imekunjwa nusu tu."

"Mzee," jaji akasema, "moja tu kati ya hayo mawili."

"Uongo, mheshimiwa."

Zikaendelea hivyo, kumi, ishirini. Kila "uongo" aliutoa kama anang'olewa jino zima. Hatimaye wakili akafungua ukurasa wenye karatasi nyekundu, akatabasamu.

"Hapa pameandikwa: haijalipwa. Kuku wa boila, anayetaga mayai yaliyochemka. Kwa nini hukulipa?"

"Kwa sababu nilisema ni kweli."

"Na leo, ukiwa umeapa?"

Feni ikazunguka nusu duara, ikasita. Chumvi aliona anakopelekwa. Akisema kweli, mtu huyu ataiuliza mahakama kama anayeamini kuku wa namna hiyo anaweza kuaminiwa kusoma saa ya ukutani. Akisema uongo, basi ule ushindi wake mmoja, jioni ile ukumbi mzima uliponyamaza, umekwenda. Aliwatazama wenzake arobaini kwenye mabenchi. Bi Katibu hakumtazama. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, ile mikono ambayo Chumvi aliifahamu kuliko uso wake, maana ndiyo iliyomjia mara elfu kila siku na pembe mbili za shuka.

"Uongo," akasema. "Niliyachemsha nyumbani, alfajiri. Nikamwekea kuku chini ya tumbo, mawili mawili, nikisubiri siku ya kubishiwa."

Kutoka benchi la nyuma ikapanda sauti.

"Mayai yangu! Manne! Nikamtukana jirani kwa ajili ya paka wake!"

Jaji aligonga meza. Alikuwa ameinamia karatasi zake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Wakili wa kampuni alinyoosha mikono.

"Mheshimiwa jaji, sina zaidi. Shahidi mwenyewe amekiri kwamba daftari hili ni la uongo mtupu."

"Hadithi ndizo za uongo," Chumvi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya rolani tena. "Ndiyo maana tulitozwa faini. Lakini saa hatukuibuni sisi. Saa ilikuwa ukutani, yenu, na kila siku asubuhi mliitia ufunguo wenyewe. Mimi nimedanganya kuku, mheshimiwa. Jioni sikuzidanganya. Jioni nilikuwapo."

Kisha akaitwa Bwana Kengele. Alikuwa amezeeka, bila kengele alionekana mfupi. Akaapa, akasema watu wote waliondoka saa kumi na yeye mwenyewe alifunga milango. Hajawahi kuona daftari lile. Huenda limeandikwa juzi.

Binti wakili alisimama na daftari, akalifungua mahali ambapo hapakuwa na karatasi ya rangi.

"Baba, hebu tusomee hapa. Kwa sauti."

Bwana Kengele akaweka miwani. Akasoma mstari wa kwanza, kisha akaanza kusoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ijumaa. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Msimamizi asema... asema siku moja alipiga kengele kwa nguvu hadi shule ya mji wa jirani ikawaruhusu watoto waende nyumbani. Mashahidi: Chumvi, Baba Moshi. Soda moja. Imelipwa."

"Na hapo chini kuna nini?"

Binti akamwonyesha jaji, jaji akaliinua daftari kwenye mwanga. Kulikuwa na sahihi yenye mkia mrefu, na juu yake, duara la bluu la muhuri wa kiwanda, limepigwa sawasawa, na tarehe. Mkono ulikuwa umezoea. Karatasi ilipita mbele yake, akaipiga muhuri.

"Uliwaambia hadithi hiyo kwa nini?" jaji aliuliza mwenyewe.

Bwana Kengele alivua miwani. "Huyu alikuwa amenuna," akasema, akimwelekezea Chumvi kidevu. "Mama mkwe wake alikuwa amekuja. Aliomba ruhusa nikamnyima, kulikuwa na arusi ya watu mia tatu. Akawa anakunja bila kusema neno. Ukumbi haukuwa ukumbi bila yeye kusema. Nikaona nimchekeshe." Akaikunja miwani. "Hakucheka. Alitia sahihi tu."

Chumvi hakugeuka kumtazama mke wake. Aliogopa. Alisikia benchi la nyuma likilia kidogo, kama mtu aliyekuwa ameegemea mbele amerudi kuketi.

Wakati wa kurudi walitembea sambamba. Walipofika kwenye kona ya duka la mikate mke akasema, akitazama mbele:

"Saa kumi na mbili na dakika kumi."

"Ndiyo."

"Mama alikuwa anakutazamia dirishani saa hiyo. Nilimwambia usisimame, utachoka."

Jioni ile mke aliweka sahani mbili mezani, akakaa. Alikula bila haraka. Alipomaliza akasema, "Mayai yangu bado nayadai," akaanza kukusanya vyombo.

Hukumu ilitoka baada ya miezi mitatu. Jaji aliandika kwamba watu huweza kutunga hadithi, lakini ni vigumu arobaini na mmoja kutunga saa zile zile kwa miaka kumi na miwili. Tena mtu aliyetunga angejitungia heshima, asingejitungia faini. Kampuni ikaamriwa ilipe saa zote za ziada. Watu walishangilia barabarani hadi magari yakasimama njia zote nne, na jaji mwenyewe akatoka dirishani akatupa joho lake chini kwa furaha, na Chumvi akabebwa juu juu hadi

Pa! Pa! Pa!

Kiganja kimepiga meza hii ninayoandikia, wino umeruka. Sikumsikia akija. Mke wangu husoma begani kwangu siku hizi, na hutembea pekupeku kwa makusudi.

"Joho dirishani?" akasema. "Tulikuwa watu saba tu siku ile, na mvua ilinyesha. Wewe ulikuwa umesahau mwavuli."

"Mama watoto, ni kunogesha kidogo."

"Na hapa mwanzo. 'Mimi nilikuwa napita tu.' Ulikuwa unapita wapi, mume wangu? Ulipita kizimbani?"

Barazani, Bi Katibu akacheka. Amekuja tangu mchana, kama ajavyo kila Alhamisi. Tumemaliza kukunja shuka iliyokuwa kambani, kubwa, ya kitanda cha wageni. Mke wangu angeweza kuikunja na mtu yeyote, lakini hutuachia sisi. Tuliivuta, tukaipiga hewani, tukaendeana. Magoti yangu hayapendi tena, ila mikono ilijua yenyewe. Pembe zilikutana sawasawa.

"Nimesikia kila kitu," Bi Katibu akasema mlangoni, penseli iko tayari. Amelileta daftari. Mahakama ililirudisha likiwa na namba ya kielelezo kwenye jalada, na yeye hakuibandua. "Shemeji, wewe ni shahidi wa kwanza?"

"Mimi," mke wangu akasema. "Na mayai, andika mayai pia. Hayakuwa manne. Mahakamani nilisema manne kwa kumhurumia mbele za watu. Yalikuwa kumi na moja."

Niliyahesabu mimi mwenyewe wakati ule. Yalikuwa kumi na moja.

Bi Katibu akatazama saa yetu ya ukutani, akaandika: saa kumi na moja na robo. Akanigeuzia, nikatia sahihi. Nikachukua kapu la chupa tupu na hela, nikaenda dukani kwenye kona. Joho, kupita, mayai. Soda tatu. Halafu nikakumbuka, nikaomba ya nne.

Bi Katibu aliipokea ile ya nne mwenyewe, akaifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Hakuinywa kwanza. Alirudisha kurasa nyuma, nyuma sana, mpaka kwa kuku, akakata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni akaandika: imelipwa.